Ajenti wa kuandika msimbo: nilimkodi, kisha nikamfuga mwenyewe

Naandika haya kwa wenzangu wenye ofisi ndogo za programu, Unguja, Pemba na kwengineko, ambao karibuni watakaa kuamua jambo moja: walipie jukwaa la ajenti wa AI linaloendeshwa na kampuni ya nje, au wanunue mashine wamweke ajenti wao wenyewe ofisini. Mimi nimepita njia zote mbili ndani ya miezi minane. Nimepoteza fedha, nimepoteza usingizi, na kuna siku nilikaa mbele ya mteja nikaona haya ambayo sijapata kuiona katika kazi. Akitokea mtu mmoja tu akaiepuka siku ile kwa kusoma hapa, mimi nimeridhika.

Ofisi yetu ipo Mlandege, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Tupo watatu: mimi, kijana aliyemaliza chuo kikuu cha SUZA, na mwenzangu wa siku nyingi ambaye anafanya kazi akiwa kwao Wete, Pemba. Tunatengeneza mifumo ya kupokea wageni kwa nyumba ndogo za wageni za Paje na Jambiani, na tunauangalia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati moja ya binafsi hapa mjini. Hayo ndiyo yanayotulisha.

Juni 2025 tulibanwa. Msimu wa wageni unaanza Julai, wateja watatu walikuwa wanasubiri mabadiliko, na sisi tulikuwa nyuma kwa wiki nne. Ndipo tukajiunga na jukwaa la kulipia. Kwa asiyejua, ajenti si yule unayemuuliza swali akakujibu ukanakili. Huyu unampa kazi, anafungua mafaili ya mradi mwenyewe, anaandika, anaendesha majaribio, akikosea anasoma kosa na kurudia, mwisho anakuletea mabadiliko uyakague. Katika jukwaa la kukodi yote hayo hufanyika kwenye seva za kampuni. Wewe unaunganisha akaunti yako ya Git, yaani pale msimbo wako na mabadiliko yake yote yanapohifadhiwa, na unalipa.

Kazi ya kwanza niliyompa ilikuwa hitilafu iliyotusumbua tangu mwaka juzi. Mgeni anaondoka tarehe 10, mwengine anaingia chumba hichohicho tarehe 10, mfumo unasema chumba kimejaa. Mpokezi wa Jambiani alikuwa akidanganya tarehe ili mfumo umkubalie, kisha anazirekebisha kwa mkono usiku. Ajenti alifungua mafaili manne, akaandika jaribio lililoonyesha kosa lilipo, akakuta tumelinganisha tarehe kwa "chini ya au sawa na" mahali panapotaka "chini ya", akaiondoa alama ile moja, akaendesha majaribio yote. Dakika sita. Nilikaa nikaitazama skrini, nikampigia mwenzangu Wete kumwambia hata kabla sijayakagua mabadiliko yenyewe.

Furaha hiyo ni ya kweli na siikanushi hata leo. Lakini ndiyo iliyotufanya tusisome chochote. Hatukusoma masharti, hatukufungua ukurasa wa mipangilio, hatukuweka kikomo cha matumizi.

Mwezi wetu wa pili wa kukodi ukaja na ankara. Tulitarajia dola 60, yaani dola 20 kwa kila mtu. Kadi ilikatwa dola 214. Nilipofuatilia nikaona sehemu kubwa ni ya usiku mmoja. Kijana wetu alimwachia ajenti jaribio lililokuwa linafeli, akaenda zake nyumbani. Jaribio lile lilifeli kwa sababu ya nenosiri la hifadhidata lililokosekana kwenye mazingira yale, jambo ambalo ajenti hakuweza kulitengeneza hata angekesha mwaka. Naye alikesha. Alibadilisha hiki, akajaribu, akabadilisha kile, akajaribu, hadi alfajiri.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema. Kampuni hizi zinahesabu tokeni, yaani vipande vya maneno vinavyoingia na kutoka kwenye modeli, ule ubongo wa AI ambao ajenti anautumia. Modeli yenyewe haikumbuki kitu baina ya hatua moja na nyengine. Kila hatua ajenti anayopiga, mazungumzo yote ya nyuma pamoja na mafaili aliyokwisha kuyasoma yanapelekwa upya. Kampuni nyengine hupunguza bei ya sehemu iliyokwisha kusomwa, lakini hesabu inapanda vilevile. Kwa hiyo kazi moja ya hatua 80 ni ghali kuliko kazi nane za hatua 10, tena kwa mbali. Tangu siku ile tunakata kazi vipande vifupi, kila kipande kinaanza na mazungumzo mapya, na ajenti akifeli jaribio moja mara tatu anatakiwa asimame na kuuliza. Agizo hilo tumeliandika kwenye faili la AGENTS.md ambalo ajenti wengi hulisoma wanapoanza. Na kikomo cha matumizi tumekiweka kwenye akaunti, kwa tarakimu, siyo kwa kuahidiana.

Dola 214 zilituuma lakini zililipika. Lililofuata halikuwa na bei.

Agosti nilikuwa napitia kumbukumbu za kazi ya ajenti kwenye mradi wa zahanati. Tulimwagiza aongeze ripoti ya mwezi. Ili ajue jedwali lina safu gani, alitafuta kwenye folda za mradi, akakuta faili tulilolisahau humo tangu siku ya kuhamisha mfumo: nakala ya hifadhidata, ya kweli, yenye wagonjwa kama elfu tatu. Alisoma mistari mia mbili ya mwanzo. Mistari yenyewe ilikuwepo pale mbele yangu kwenye skrini. Jina, umri, mtaa, namba ya simu, maradhi. Mstari wa kumi na kitu nilisoma jina la mtu ninayemjua, mama wa mtaa wangu, na pembeni yake maradhi ambayo hakunambia na hakutaka nijue.

Niliifunga laptopu. Nilikaa hivyo muda.

Ajenti hakufanya kosa. Tulimpa folda akaisoma. Kosa lilikuwa letu la kuacha faili lile humo. Tulipofungua mipangilio kwa mara ya kwanza tukakuta jengine: akaunti zetu zilikuwa za mtu binafsi, siyo za biashara, na kipengele cha kuruhusu mazungumzo yetu yatumike kuifundishia modeli kilikuwa kimewashwa. Ukurasa ule tungeweza kuufungua siku ya kwanza kwa dakika mbili. Tulikizima, tukafuta mazungumzo, tukaandika barua pepe kwa kampuni kuomba taarifa zile ziondolewe. Walijibu kwa adabu. Lakini kuambiwa kitu kimefutwa si sawa na kukifuta kwa mkono wako.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na ina masharti juu ya kuzisafirisha nje ya nchi. Nilikuwa naijua kwa jina tu. Nilikaa usiku mmoja nikaisoma, nikaona siwezi kulinyamazia jambo hili. Asubuhi nikaenda zahanati.

Daktari yule ni mtu mzima, amewatibu nusu ya mji. Nilimsubiri amalize wagonjwa wake. Nikamwambia, "Daktari, nimekuja kukwambia jambo baya na ni letu, halitokani na mtu mwengine." Nikamweleza lote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, wagonjwa hawa wananiambia mimi mambo ambayo hata majumbani mwao hawayasemi. Sasa nijibu swali langu moja. Hiyo karatasi hivi sasa iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia sijui kwa hakika. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi kalitafute jibu, ukilipata urudi." Mkataba hakuuvunja siku ile, na mimi nilitoka pale mikono inatetemeka.

Uamuzi wa kununua mashine yetu wenyewe niliufanya njiani, baina ya zahanati na ofisi. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu ulikuwa uamuzi wa hofu na ukatugharimu kama zinavyogharimu hofu zote. Niliwaza: kila kitu kikiwa ndani ya chumba chetu, nikiulizwa karatasi iko wapi nitanyoosha kidole.

Kijana wetu akapanda boti kwenda Dar. Alirudi bandarini Malindi, hapa mjini, na kadi ya michoro (GPU) ya RTX 3090 iliyotumika, ambayo ndiyo inayoiendesha modeli, yenye kumbukumbu ya GB 24, ameifunga kwenye shuka kama mtoto. Pamoja na kasha, bodi, RAM na diski, jumla ilifika shilingi 4,850,000. Hiyo ndiyo iliyokuwa akiba yetu ya kodi ya pango ya miezi kadhaa.

Kabla sijaendelea, hapa pana ushauri ambao ningepewa ningeulipia. Usinunue kadi kabla hujaikodi. Zipo huduma mtandaoni zinazokodisha kadi kama ileile kwa chini ya dola moja kwa saa. Weka humo modeli unayoifikiria, mpe ajenti kazi zako tano za kweli (bila ya taarifa za mtu), kaa naye siku mbili. Kwa dola 20 ningejua yote yaliyonichukua miezi.

Tulianza na Ollama, programu ya kuendeshea modeli kwenye mashine yako mwenyewe, na modeli ya Qwen2.5-Coder yenye vigezo bilioni 32, yaani zile namba ambazo modeli imejifunza. Ikibanwa kwa biti 4, yaani kila namba ikahifadhiwa kwa ufupi, inachukua kama GB 20 za kumbukumbu ya kadi. Hesabu ilionekana inakaa: 20 ndani ya 24. Ajenti tulimchukua OpenHands, ambaye ni wa bure na msimbo wake upo wazi. Siku ya kwanza alianza vizuri, akafungua faili, akaeleza atafanya nini, hatua ya nne akauliza kazi yenyewe ni ipi. Tukamwambia. Akaanza tena, akasahau tena. Wiki nzima tukaamini modeli za bure ni dhaifu, na mimi nikaanza kujuta kimoyomoyo huku mbele ya wenzangu nikijikaza.

Sababu ilikuwa ndogo. Ollama kwa kawaida yake ilikuwa inaipa modeli dirisha la tokeni 4,096 tu, yaani kiasi inachoweza kukiona kwa mara moja, na kinachozidi inakikata kimyakimya bila ya kukwambia. Maagizo ya ajenti peke yake yanakula tokeni elfu kadhaa. Yaani kila akisoma faili, kazi niliyompa ilikuwa inasukumwa nje ya dirisha. Mwenzangu wa Wete ndiye aliyeliona, saa sita za usiku, akanitumia ujumbe wa maneno matatu: "Dirisha ni dogo." Tukalipanua. Sasa kumbukumbu ya kadi ikajaa, sehemu ya modeli ikahamia kwenye RAM ya kawaida, na mashine ikawa inatoa neno, inapumzika, inatoa jengine. Ile GB 4 iliyobaki haikuwa ya ziada, ilikuwa ndiyo nafasi ya kufanyia kazi.

Tuliyotulia nayo ni Devstral, iliyotolewa na Mistral Mei 2025 kwa kushirikiana na watu wa OpenHands wenyewe. Ina vigezo bilioni 24, ikibanwa inachukua kama GB 14, na inabaki nafasi ya dirisha la tokeni 32,000. Hapo kazi ikaanza kwenda. Marekebisho ya fomu, majaribio, kutafsiri ujumbe wa makosa, kupanga upya faili refu, yote haya aliyafanya vizuri na nilimshukuru Mungu.

Lakini upungufu nao ulikuwepo, na mmoja unatuhusu sisi hasa. Mteja wa Paje alituandikia kwa Kiswahili: chakula cha asubuhi ni kuanzia saa moja hadi saa nne. Modeli yetu ya nyumbani ikaandika 01:00 hadi 04:00. Modeli kubwa ya kukodi, kwa sentensi ileile, ilisimama ikauliza kama hesabu ni ya saa za Kiswahili, maana yake 07:00 hadi 10:00. Kosa kama hili halionekani kwenye majaribio, kwa sababu msimbo wenyewe ni sahihi. Linaonekana mgeni anapokuta meza tupu. Sasa tumeandika kwenye maagizo yetu kwamba saa zote zinazotajwa na wateja ni za Kiswahili, mfano na hesabu yake, na hata hivyo nazikagua mimi mwenyewe.

Halafu umeme. Kadi ile ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta wati 350. Saa kumi ni uniti tatu na nusu za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa kadi peke yake, na chumba kinakuwa tanuri, kwa hiyo kiyoyozi nacho kinawaka. UPS tuliyokuwa nayo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ilikuwa ya kompyuta ya kawaida. Umeme uliposhuka mara ya kwanza ililia sekunde chache ikazima kila kitu, na ajenti alikuwa katikati ya kuandika faili. Tukanunua kubwa zaidi, na stabilaiza. Hayo hayakuwamo kwenye zile 4,850,000.

Watu wa Unguja wa umri wangu tunalikumbuka giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini kutoka bara ulipoharibika. Nilikuwa skuli. Leo kuna waya mwengine mkubwa zaidi, tangu 2013, na Pemba inapata wake kutoka Tanga tangu 2010, lakini bado ni waya unaopita chini ya bahari. Na intaneti nayo ni hivyohivyo: Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, sisi hapa tulikaa na simu mkononi hazifungui kitu. Niliwaambia wenzangu: ukikodi unategemea waya mmoja wa baharini, ukimiliki unategemea mwengine. Ipo siku ya Oktoba intaneti ilipotupotea mchana kutwa na mashine yetu ikaendelea kufanya kazi, tukamaliza kazi ya mteja wa Jambiani pale pale. Zipo pia siku za umeme kuyumba ambapo wa kukodi angetufaa zaidi, maana laptopu ina betri na simu ina bando.

Sasa nifike kwenye kosa la pili kubwa, ambalo kwangu mimi ni zito kuliko la kwanza kwa sababu tulilifanya tukiwa tumeshatahadharishwa.

Mwenzangu wa Wete alitaka kuitumia mashine. Njia ya haraka ilikuwa kuifungulia Ollama ipokee maombi kutoka nje, na kufungua mlango namba 11434 kwenye ruta. Nilifanya mwenyewe, kwa dakika kumi, Ijumaa kabla ya sala, nikasema Jumatatu nitaweka ulinzi. Ollama haina nenosiri lake. Aliyeufikia mlango ameingia.

Jumapili usiku wa manane nilisikia feni. Nilikuwa nimelala ofisini kwa sababu ya kazi ya asubuhi, na ile sauti iliniamsha: feni za kadi zinavuma kama mtu anachemsha chungu, na hakuna aliyempa ajenti kazi. Nikafungua orodha ya maombi. Yalikuwa yanaingia kutoka anwani nisizozijua, moja baada ya moja, maswali ya watu wengine kabisa. Watu wanazunguka mtandaoni wakitafuta milango kama ile, na walihitaji siku mbili tu kuupata wetu. Niling'oa waya wa ruta ukutani.

Tulichunguza kutwa nzima. Waliitumia modeli, hawakuingia kwenye mafaili. Lakini kwenye mashine ileile, ndani ya Docker (programu inayoziweka programu nyengine kwenye visanduku vilivyotengwa, viitwavyo makontena), OpenHands alikuwa amepewa ruhusa ya kuiamuru Docker yenyewe, kama anavyotaka ili atengeneze makontena yake. Mwenye ruhusa hiyo ni sawa na mwenye mashine. Hatua moja ya mbele na wangekuwa na kila kitu chetu. Na miye ndiye niliyesema kwamba kikiwa chumbani kwetu nitajua kilipo.

Tangu hapo tunapita kwa WireGuard, njia ya siri ya mtandao (VPN): mwenye ufunguo tu ndiye anayefika, na ruta haina mlango uliofunguliwa kwa yeyote. Mashine ya ajenti haikai na kitu chengine. Haina nakala za akiba za wateja, haina funguo za seva zao. Ufunguo wake wa Git unamruhusu kuandika kwenye tawi lake tu, yaani nakala ya pembeni ya msimbo, na tawi kuu halikubali mabadiliko mpaka mmoja wetu ayapitishe. Haya yafanye uwe umekodi au umemiliki. Sisi tulidhani ni mambo ya wenye kampuni kubwa.

Mwezi wa Novemba nilikwenda Wete kumwangalia mama. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kila uwanja, harufu hadi barabarani. Ami yangu alikuwa ufukweni anakikalafati chombo chake, anasukuma pamba kwenye mianya ya mbao kwa patasi, pole pole, mwanya mmoja baada ya mwengine. Nilimkalia pembeni nikamsimulia habari za mashine, bei yake, kadi, feni, chumvi iliyokwisha kuanza kula skrubu. Akaniuliza, "Nyinyi mpo watatu?" Nikamwambia ndiyo. "Na nani kati yenu kazi yake ni hichi?" akionesha patasi. Nikamwambia hakuna, tunapokezana tukipata nafasi. Akasema, "Basi mmenunua chombo hamna mtu wa kukipaka deheni," akarudi kwenye pamba zake.

Niliporudi mjini nikafungua daftari nikahesabu. Kwa miezi mitatu mimi peke yangu nilitumia saa 97 kwa ajili ya mashine: kuweka, kusasisha, kutafuta kwa nini imeganda, kusafisha feni, kufuatilia UPS. Saa hizo hakuna mteja aliyezilipia. Kwa bei tunayowatoza wateja, zinazidi gharama ya kukodi ya mwaka mzima, hata ukiitia humo ile ankara ya 214.

Hesabu hiyo haikunifanya niiuze. Ilinifanya nione kwamba nilikuwa nauliza swali moja kumbe ni mawili. Modeli ni kitu kimoja, na ajenti anayeitumia modeli hiyo kufungua mafaili ni kitu chengine. Unaweza kukodi kimoja ukamiliki kimoja. Sasa hivi ajenti wetu ni programu za wazi zinazokaa kwenye mashine zetu, kwa hiyo tunaona kila anachokisoma na tunambadilishia modeli tukitaka. Kazi za nyumba za wageni zinakwenda kwa modeli kubwa ya kukodi, kupitia API (njia ya programu yetu kuzungumza na seva ya kampuni moja kwa moja), kwa akaunti ya biashara, na salio la kulipia kabla. Tunatia dola 50. Zikiisha ajenti anasimama mpaka tukae tuulizane zilikwendaje. Mwezi uliopita zilitosha. Kazi za zahanati zinabaki kwa Devstral, kwenye kadi yetu, na mashine inawashwa siku za kazi hiyo tu.

Kama ofisi yenu ina watu wawili au watatu na hamna kazi ya taarifa nyeti, mimi nakwambia kwa moyo mweupe: kodini, wekeni kikomo, someni mipangilio, msinunue kadi. Kama mnayo kazi kama ile ya zahanati, au mpo mahali ambapo intaneti ni ya kubahatisha, kadi ina maana, alimradi kuna mtu mmoja ambaye kuitunza ni sehemu ya kazi yake anayolipwa. Kwetu ni kijana wetu, Alhamisi nzima, na Alhamisi hiyo hapewi kazi ya mteja.

Na taarifa za wagonjwa hazikai mbele ya ajenti yeyote, wa kukodi wala wetu. Hilo tungeliweza tangu siku ya kwanza bila ya kununua hata skrubu moja. Tuliandika programu fupi ya kutengeneza wagonjwa wa uongo: majina ya kubuni, mitaa ya kubuni, namba za simu zisizopigika, safu zilezile za jedwali. Ajenti anafanya kazi juu ya hao. Mabadiliko yakishapita, mmoja wetu anakwenda zahanati kwa miguu yake na kuyaweka kwenye mashine ya pale.

Januari nilirudi kwa daktari. Nilikwenda na laptopu. Aliuliza swali lilelile, nami nikamwambia, "Daktari, karatasi ya wagonjwa wako iko kwako, kwenye mashine ile kabatini, na nakala yake ya akiba iko kwenye diski uliyonayo wewe. Kwetu hakuna. Ile iliyotoka mwezi wa nane tuliomba ifutwe, jibu lao hili hapa, na zaidi ya hapo siwezi kukuapia." Akaisoma barua, akaikunja, akaitia kwenye mtoto wa meza. Kisha akataka kuwaona wagonjwa wa uongo.

Niliwafungua. Akavaa miwani, akateremka nao mstari kwa mstari, akachukua kalamu. "Hawa si sawa," akasema. "Umewafanya watu wazima wengi. Watoto wa chini ya miaka mitano ndio wanaojaza benchi langu, na wakati wa masika ndio zaidi. Na mjamzito haji mara moja, anarudi." Akanandikia yote nyuma ya karatasi ya dawa, mafungu ya umri, miezi, mara ngapi mtu hurudi. Tulikaa hadi wakati wa laasiri. Jioni ile ile tuliibadilisha programu, na ripoti ya mwezi ya ajenti ikafeli majaribio mawili ambayo kabla ilikuwa inayapita.